Dengu za Simiyu na bei chee inayojificha mnadani

Mkulima wa dengu wa Dutwa au Nkololo ana milango miwili ya kutolea mzigo wake. Mlango wa kwanza ni mchuuzi anayefika na pikipiki hadi uani, anazamisha mkono kwenye gunia, anazimimina dengu kiganjani, anataja bei, wanavutana kidogo, analipa na kuondoka. Mlango wa pili ni ghala la chama cha msingi, yaani AMCOS. Huko dengu hupimwa, mkulima hupewa stakabadhi, na mzigo wake huunganishwa na wa wenzake kisha kuingizwa kwenye mnada wa mtandaoni unaoendeshwa na Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi aliyekaa ofisini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bariadi, anaweza kushindania tani za Itilima au Meatu bila kiatu chake kugusa udongo wa mbuga. Wakulima hukutana, husomewa bei iliyoshinda, na huamua kuikubali au kuikataa.

Kwa Serikali, mlango wa pili ndio mlango. Mamlaka ya Udhibiti wa Nafaka na Mazao Mchanganyiko, COPRA, imesimamia tangu 2024 utaratibu wa kuuza dengu, choroko, mbaazi, ufuta na soya kwa stakabadhi ghalani na TMX, na mchuuzi wa pikipiki amegeuka kuwa mtu wa kukimbizwa na kuwekewa vizuizi barabarani. Mkoani Simiyu, ambako pamba ndiyo iliyozoeleka kuitwa zao la fedha na dengu na choroko zikawa fedha za kati ya misimu, jambo hili limezua mabishano yasiyokwisha. Upande mmoja unasema mnada wa mtandaoni umemkomboa mkulima kutoka kwa walanguzi. Upande mwingine unasema umemfunga mikono, kwa kuwa dengu ni zake na shida ni zake, kwa nini asimuuzie amtakaye? Pande zote mbili zinatazama bei ya mwisho, na ndiyo maana hazikutani. Swali lenye manufaa zaidi ni jingine: katika kila mlango, bei chee iko wapi, na nani anaiokota?

Bei chee haitokani na bahati. Hutokea pale ambapo mmoja kati ya wauzianao anajua jambo ambalo mwenzake halijui. Kwenye mlango wa kwanza mambo yako wazi: mchuuzi anajua dengu zinauzwaje Mwanza na Dar es Salaam, mkulima hajui, na tofauti hiyo huishia mfukoni mwa mchuuzi. Mnada wa mtandaoni unaziba pengo hilo, na hapo unastahili sifa zake zote. Lakini unafungua pengo lingine ambalo halizungumzwi sana. Mchuuzi aliyetia mkono kwenye gunia anazijua dengu hizo. Mnunuzi wa Dar es Salaam hazijui. Anaona jina la ghala, idadi ya tani na maelezo machache, na kwa kila asichokijua anapunguza bei ili kujilinda. Ujinga uliokuwa wa muuzaji umehamia kwa mnunuzi, na bado anayeulipia ni mkulima. Hoja yangu ni kwamba mnada wa Simiyu utampa mkulima haki yake pale tu mzigo utakapoelezwa sawasawa na washindani watakapoongezeka, na kwamba kizuizi cha barabarani hakizalishi hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Ushahidi wa jambo hili upo mbali na mashamba ya dengu, ila unasema kilekile. Mnada maarufu kuliko yote ya mtandaoni, eBay, ulianza Septemba 1995, na kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika, kwa dola 14.83. Katika miaka iliyofuata walizuka watu waliojipatia riziki kwa mbinu moja tu: kutafuta bidhaa zilizoandikwa jina kimakosa. Mwenye kamera nzuri akikosea herufi moja ya jina la kampuni, wanaoitafuta kamera hiyo hawaioni, washindani wanakuwa wawili au hakuna kabisa, na mwindaji anaondoka nayo kwa bei ya kutupa kisha anaiuza upya ikiwa na jina sahihi. Kamera haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni maelezo yake na idadi ya macho yaliyoiona. Halafu kuna jaribio la Paul Resnick na wenzake lililochapishwa 2006: postikadi za zamani za aina moja ziliuzwa eBay kwa majina ya aina mbili, jina la muuzaji mwenye sifa njema ya muda mrefu na majina mapya yasiyojulikana. Wanunuzi walikuwa tayari kumlipa mwenye sifa karibu asilimia 8 zaidi kwa kitu kilekile. Asilimia 8 kwa postikadi ni fedha ya soda. Kwa tani za dengu za kijiji kizima, ni karo za shule.

Hapo ndipo tunapofika kwenye udongo mweusi wa Simiyu. Dengu huoteshwa mbugani mvua za masika zikiwa zinaaga, zikakua kwa unyevu ambao udongo umeuhifadhi, na zikavunwa wakati wa kiangazi. Zikipurwa juu ya ardhi, hubeba vumbi, mabua na vibonge vya udongo ambavyo vingine vina ukubwa ule ule wa punje, kiasi kwamba chekeche peke yake haivitoi. Mkulima mmoja ametandika turubai, amepeta mara mbili, amezianika hadi zikakauka. Jirani yake hakuwa na turubai wala nguvu kazi. Wote wawili wanafika ghalani siku moja, gunia zao zinapangwa kwenye rundo moja, na rundo hilo linaingia mnadani kama mzigo mmoja. Mnunuzi anayelinunua bila kuliona atakadiria kiwango cha kati, tena kati ya chini. Yule aliyetandika turubai analipwa sawa na yule ambaye hakutandika. Msimu unaofuata atajiuliza turubai la nini.

Mwanauchumi George Akerlof alilieleza tatizo hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika: mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, analipa bei ya wastani, wenye magari mazima wanajitoa, na soko linabaki na mabovu. Akerlof alipata tuzo ya Nobel kwa hoja hiyo mwaka 2001, na wala hakuhitaji hesabu nzito kuifikisha. Kwenye dengu, wenye mzigo mzuri hawajitoi kwa kuacha kilimo. Wanajitoa kwa kumuuzia mchuuzi usiku. Tunapoona dengu safi zikitoroshwa na zile zenye udongo zikifika ghalani, tunasema wakulima wakorofi au walanguzi wajanja. Ukweli ni kwamba mchuuzi ndiye pekee katika mnyororo mzima anayelipa kulingana na kile alichokishika mkononi. Ni sifa isiyopendeza kumpa mtu ambaye wakati huohuo huenda anapunja kwa debe, lakini ni stahili yake.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho ghala la Maswa au Busega linahitaji kabla ya mtandao wa kasi ni madaraja. Kipima unyevu, machekeche ya saizi mbili tatu, mtu aliyefundishwa kuchukua sampuli kutoka kila gunia na si lile la juu tu, na nafasi ya kutenga daraja la kwanza na la pili katika marundo tofauti. Vifaa hivi vyote haviwezi kuwa ghali kuliko jengo la ghala lenyewe. Mnada wa chai wa Mombasa, ulioanzia Nairobi enzi za ukoloni na ambao sasa unaendeshwa kwa mfumo wa kidijitali, umeishi miaka yote hiyo kwa sababu kila kiwanda hutuma sampuli, waonjaji huonja kabla ya siku ya mnada, na mnunuzi anaposhindana anajua anashindania nini. Teknolojia ilikuja baadaye juu ya msingi uliokuwapo. Sisi tumeanza na paa.

Ipo hatari ya kwenda upande wa pili pia, na Ethiopia ilikwisha kutuonyesha. Soko lao la bidhaa, ECX, lilifunguliwa 2008 chini ya uongozi wa Eleni Gabre-Madhin, na kahawa karibu yote ikalazimishwa kupitia humo. Madaraja yalikuwapo na yalikuwa makini. Lakini kahawa ilipopangwa kwa daraja na eneo, jina la kituo kilichoiosha lilipotea njiani, na wanunuzi wa kahawa maalumu, wale wanaolipa zaidi kwa sababu wanataka kujua kikombe kimetoka kilima gani, wakakosa cha kulipia. Malalamiko yakaendelea kwa miaka hadi mageuzi ya mwaka 2017 yakafungua njia za kuuza kahawa ikiwa na asili yake. Dengu si kahawa, hakuna mtu Mumbai atakayeuliza zimetoka kijiji gani ili azisifie mezani. Hata hivyo jina la AMCOS likiambatana na mzigo msimu hadi msimu, linakuwa kama jina la yule muuzaji wa postikadi. Chama cha Mwandoya kinachopeleka dengu safi miaka mitatu mfululizo kinastahili kulipwa zaidi bila mnunuzi kuziona, na chama kinachochanganya udongo kipate kinachokistahili.

Sasa washindani. Mwaka 1996 wanauchumi wawili, Jeremy Bulow na Paul Klemperer, walichapisha hesabu ambayo ingefaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya ushirika. Walionyesha kwamba, kwa masharti ya kawaida ya mnada, muuzaji hufaidika zaidi akipata mshindani mmoja wa ziada kuliko akibuni mbinu yoyote ya ujanja ya kuwakamua washindani alionao, iwe ni bei ya chini iliyowekwa kwa ustadi au majadiliano makali. Mtu mmoja zaidi. Ukiisoma hesabu hiyo ukiwa Bariadi, sera yetu inaonekana imesimama kichwa chini. Tunao watu mamia wanaojua dengu, wenye mitaji midogo, wanaojua njia za vumbi na bei za Lamadi na Mwanza, na tumewaweka nje ya mnada kisha tumepeleka askari kuwazuia. Wangeweza kuwa washindani. Mzigo mkubwa wa tani 200 humfaa msafirishaji mwenye ghala bandarini. Mzigo wa tani 25, unaojaza kontena moja la futi 20, unafikiwa na wafanyabiashara wa mkoani wenye mtaji wa kati. Mzigo wa tani tano au kumi unafikiwa na wachuuzi kumi waliojiunga. Mnada wenye saizi hizi zote unaleta macho mengi zaidi kwenye kila gunia. Mchuuzi akiwa ndani ya mfumo huinua bei, na anapokuwa nje huishusha, ilhali ni mtu yuleyule.

Jibu ninalolitarajia ni kwamba walanguzi wakiruhusiwa kuingia watapanga bei na wanunuzi wakubwa. Hatari hiyo ni ya kweli, na Afrika Mashariki inaijua tangu zamani: kabla ya Vita Kuu ya Pili, wenye vinu vya kuchambulia pamba nchini Uganda walikuwa wakijiunga katika makundi ya kugawana pamba badala ya kuigombania, na mkulima akabaki na bei moja popote alipokwenda. Lakini tazama ni mazingira gani yaliyowawezesha. Walikuwa wachache, walijuana, na sheria ndiyo iliyowazuia wengine kuingia. Njama huhitaji uchache. Wanunuzi wanne wanaweza kupigiana simu asubuhi ya mnada na kukubaliana, hata kama mfumo wenyewe hauonyeshi majina. Wakiwa arobaini, na miongoni mwao wamo vijana wa Somanda wenye njaa ya faida ndogo, makubaliano hayo hayafiki jioni. Anayehofia njama na kwa sababu hiyo akapunguza milango ya kuingilia anawasaidia hao hao anaowahofia.

Wengine husema dawa ni bei dira au bei ya chini kabisa: Serikali itaje kiwango, na chini ya hapo pasiuzwe kitu. Kenya ilijaribu kwenye chai. Julai 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo ya chai ya wakulima wadogo iliyouzwa Mombasa. Kwa muda ilionekana kufanya kazi, kisha maghala yakajaa chai isiyonunuliwa, wanunuzi wakahamia kwenye chai ya nchi jirani iliyokuwa kwenye mnada uleule, na mwishowe bei hiyo ikaondolewa. Kikao cha wakulima chenye haki ya kukataa bei ni bora kuliko tamko, maana wao wanajua njaa yao na wanajua mzigo wao. Ila haki ya kukataa ina maana pale tu mkulima anapoweza kusubiri, na hili nitalirudia.

Kabla ya hapo, neno kuhusu sifa ambazo mfumo hupewa kwa mambo ambayo haukuyafanya. Msimu wa korosho wa 2024/25, TMX ilipoingia kwenye minada ya Kusini, kilo ilivuka shilingi 4,000 mapema kabisa, na kila jukwaa likasema ni matunda ya mnada wa mtandaoni. Sehemu ya sifa hiyo ni halali. Sehemu kubwa ilikuwa ya soko la dunia, ambalo mwaka huo lilikuwa na uhaba wa korosho ghafi. Mtu akizoea kuusifu mfumo bei ikipanda, atalazimika kuulaumu bei ikishuka, na dengu zitashuka. Karibu mambo yote ya mikunde yetu huamuliwa New Delhi. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa uagizaji wa mbaazi, kilo ya mbaazi iliporomoka katika baadhi ya maeneo ya Tanzania hadi shilingi 150. Kwa dengu, India ilipandisha ushuru hadi asilimia 60 Machi 2018, ikauondoa Mei 2024 baada ya mavuno yake kuyumba, kisha ikarudisha asilimia 10 Aprili 2025. Hakuna mnada, wa mtandaoni wala wa chini ya mwembe, unaoweza kumkinga mkulima wa Meatu na kalamu ya waziri wa India. Mnada unaweza jambo moja dogo zaidi, nalo ni kuhakikisha kwamba bei ya dunia, iwe nono au nyembamba, inafika kijijini ikiwa haijamegwa sana. Vivyo hivyo haifai kulinganisha bei ya Simiyu na ya Mtwara. Mtwara ina bandari mlangoni. Dengu za Bariadi zinalipa nauli ndefu kabla ya kuiona bahari.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha taslimu. Mkulima anayeuza debe mbili kwa mchuuzi si mjinga wa bei. Mara nyingi anaijua bei ya mnada uliopita hadi shilingi ya mwisho. Anauza kwa hasara kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani au mgonjwa yuko zahanati, na mnada una ratiba, mnunuzi ana siku zake za kulipa, benki ina foleni yake, na fedha ikifika imekatwa ushuru wa halmashauri, sehemu ya AMCOS, ya chama kikuu, ya ghala. Chini ya haraka hiyo kuna kumbukumbu. Usukuma ndiko wakulima wa pamba, mwanzoni mwa miaka ya 1950, walipochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi na kuanza kujipimia wenyewe. Kutoka hapo, Paul Bomani akiwa mbele, wakajenga vyama vilivyoungana mwaka 1955 kuwa shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, moja ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika kwa wakati wake. Serikali ikavivunja vyama vikuu mwaka 1976. Vikarudi miaka ya 1980, na miaka ikaja ambapo mkulima alipeleka pamba, akapewa karatasi, akasubiri. Ndiyo maana neno kukopwa lina uzito wa peke yake katika mkoa huu. Ununuzi huria wa pamba ulipoingia katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi binafsi wakafika na fedha mkononi, na wakulima wakavikimbia vyama vyao wenyewe bila kulazimishwa na mtu. Karatasi mpya inayoitwa stakabadhi inapokelewa na watu ambao wazazi wao walipewa karatasi ya zamani.

Silichukulii pingamizi hili kama kelele za kupuuzwa, na sidhani lina jibu la maneno. Lina jibu ambalo tayari limeandikwa kwenye Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, ila sehemu ile iliyokuwa na manufaa zaidi ndiyo tuliyoiacha nyuma. Stakabadhi ilikusudiwa kuwa mali yenyewe: mwenye nayo aweze kuipeleka benki kama dhamana, akope sehemu ya thamani ya mzigo wake siku ileile, amalize shida, kisha asubiri mnada akiwa ameshiba. Sisi tumechukua ghala na mnada, na mkopo tumeusahau. Matokeo yake mkulima anaingia mnadani akiwa na haraka, na mwenye haraka ndiye chakula cha mwindaji wa bei chee kwenye kila mnada duniani. Haki ya wakulima kukataa bei, niliyoisifu hapo juu, inakuwa ya kwenye makaratasi pale ukumbi mzima unapokuwa unadaiwa. Benki zetu zinaogopa mikopo midogo midogo ya vijijini, na kwa haki, gharama yake ni kubwa. Lakini hapa mdaiwa si mkulima mmoja mmoja. Dhamana ni dengu zilizopimwa, zimefungiwa ghalani, zina daraja linalojulikana na mnada una tarehe. Bila daraja benki nayo haiwezi kuzithamini, kwa hiyo tunarudi kwenye chekeche na kipima unyevu.

Kuna watakaosema kwamba bila kulazimisha, mzigo hautafika ghalani, na bila mzigo wa kutosha wanunuzi wakubwa hawatajisumbua kufungua kompyuta. Ni hoja nzuri, na kwa msimu mmoja au miwili nakubali kwamba msukumo una nafasi yake, kwa sababu soko jipya huhitaji kuanza na kitu. Tatizo ni kwamba msukumo umekuwa mbinu pekee, na unabebwa na maslahi ambayo hayatajwi. Halmashauri hukusanya ushuru wa mazao kwa urahisi mno dengu zote zikipitia ghala moja. Ushuru huo tangu 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaohamishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine umesamehewa. Pikipiki haibebi tani moja. Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini kizuizi cha barabarani kinavutia sana ofisini, hata kama hakimwongezei mkulima shilingi. Halmashauri zina haki ya kutaka mapato, shule na zahanati hazijengwi kwa hewa, lakini sera ya mapato isivalishwe kanzu ya ukombozi wa mkulima. Na kizuizi kina gharama ya moja kwa moja kwenye bei: mchuuzi anayelazimika kupita njia za panya usiku hukata gharama ya hatari hiyo kutoka kwa mkulima, si kutoka kwa faida yake.

Matatizo ya mtandao kukatika, simu zisizo na chaji na mifumo inayogoma asubuhi ya mnada nayapita haraka. Yanaudhi, lakini yanatibika kwa fedha na mafundi, na kila mwaka yanapungua.

Jambo ambalo lingegharimu kidogo kuliko yote ni TMX na COPRA kutangaza, baada ya kila mnada, zaidi ya bei ya juu na ya chini. Watangaze washindani walikuwa wangapi kwa kila mzigo, mzigo ulikuwa wa ghala gani na daraja gani, siku ngapi zilipita hadi fedha kufika kwenye akaunti za wakulima, na makato yalikuwa kiasi gani kwa kilo. Takwimu hizo zibandikwe kwenye mbao za matangazo za vyama kuanzia Lagangabilili hadi Malampaka, zisomwe redioni, zitumwe kwa simu. Mzigo ulioshindaniwa na watu wawili ukiuzwa chini ya ule ulioshindaniwa na tisa, wakulima wa ghala la kwanza wataiona tofauti wao wenyewe na kuhoji kwa nini wanunuzi hawaji kwao: ni udongo kwenye dengu, ni barabara, ni tani chache mno, au ni mtu fulani aliyewafungia wengine mlango. Chama ambacho fedha zake hufika kwa kuchelewa kitaulizwa mbele ya wanachama. Mchuuzi wa Bariadi naye, akisoma kwamba tani 10 za daraja la pili zilikosa mshindani wiki iliyopita, atapiga hesabu ya nauli ya Fuso hadi Mwanza na kuanza kutafuta wenzake wa kuchanga mtaji.